Mtafiti Aliyehesabu Kutajwa Kwake

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa naijua kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele ya uso wangu, na kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyenifundisha kwamba unaandika saa kwanza, jambo baadaye. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na dirisha lake, namsomea kwa sauti kurasa zilizotoka chuo kikuu fulani cha mbali, kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu. Yeye alikuwa amefumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya. Nikafika kwenye mstari uliosema kwamba katika vijiji vya Ngara, tangu wakimbizi waje, mzigo mmoja wa kuni ni kutwa moja ya mwanamke. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina lake, na maneno kwamba habari hiyo aliipata njiani kwa mtoto wa kike aliyebeba kuni.

Nikaacha kusoma.

"Endelea," alisema bila kufumbua macho. "Wamenitaja juu au chini?"

Nikamwambia kote kuwili. Akatabasamu, akanyoosha mkono mezani, akaokota harage moja, kisha la pili, kisha la tatu, akayadondosha kwenye chupa.

Mtoto yule ni mimi. Mpaka saa kumi na dakika kumi na tisa nilikuwa nampenda yule mzee.

Hapa Nyakisasa hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mtafiti. Hata padri akisoma nia za misa husema tumwombee Mtafiti wetu macho yake. Na mimi sitaliandika jina hilo kwenye daftari hili. Limeandikwa kwingi, na anajua kila mahali lilipo.

Alikuja lini huku, kutoka wapi, ana ukoo gani, sijui na sina haja ya kuuliza. Ninachojua ni koti lake la kahawia lenye mifuko minne. Mfuko wa juu kulia ni wa penseli, wa kushoto ni wa daftari dogo. Chini kulia kuna kamba ya katani yenye mafundo, ya kupimia, na chini kushoto kuna mahindi ya kukaanga. Koti hilo alilivaa jua na mvua. Watoto wadogo tulikuwa tukimwona anainama shambani kwa watu, anatandaza kamba kutoka mgomba hadi mgomba, midomo inahesabu, tukadhani anatega kitu. Tukamfuata. Akigeuka tunakimbia. Akisimama tunasimama. Siku moja akageuka akatuambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba tuko kumi na wanne, na kwamba jana tulikuwa kumi na sita, wawili wako wapi? Tukaduwaa. Wawili walikuwa na homa.

Kwenye harusi alikuwa haketi mpaka amezunguka uani kuwauliza wapishi mafiga ni mangapi, kuni zimetoka wapi, zimebebwa na nani. Wanawake walimcheka. "Mtafiti, kula kwanza, bwana, wali haukimbii." Alijibu kwamba wali ukipoa unapashwa moto, lakini jibu likipoa limekwisha. Akaendelea kuuliza. Akaja kula masalia, na hakulalamika.

Neno lake kubwa lilikuwa swali. Ukimletea habari yoyote, hata ya moto, anakutazama: "Umeona au umeambiwa?" Wakati fulani watoto walikuja mbio kusema roli la mahindi ya msaada limepinduka kwenye kona ya kushuka mtoni. Akawauliza wameona au wameambiwa. Wameambiwa. Basi akabaki ameketi, akarudi kwenye daftari lake. Roli lilikuwa limepinduka kweli. Kila nyumba ilipata debe, isipokuwa yake. Dada yake, bibi mmoja mwembamba anayeishi naye na kumpikia, hakusema naye siku tatu. Yeye alisema hajutii, kwa sababu taarifa aliyopewa haikuwa ya kutegemewa.

Nilicheka sana enzi hizo. Sasa nikilikumbuka swali lile nasikia kama mtu ananikwaruza.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wenzake. Wakimbizi walipovuka kwa maelfu na vilima vya jirani vikawa vyeupe kwa maturubai, watafiti walikuja nyuma yao kwa magari. Mtafiti aliwaongoza, aliwatafsiria, aliwapa kitanda na uji. Wakaondoka, wakaandika vitabu, na ndani ya vitabu yeye akawa "mwenyeji mmoja". Alinionyesha kimoja. Kidole chake alikiweka juu ya maneno hayo mawili. "Huyu alilala kitandani mwangu mwezi mzima," alisema, "mimi nikalala kwenye mkeka. Jina langu analijua. Alikuwa ananiita kwa sauti kila asubuhi aombe maji ya moto." Nilimwonea huruma mpaka nikataka kulia. Nilikwenda nyumbani nikaandika ukurasa mzima wa kuwatukana watu wale. Nimeusoma tena leo. Sikufuta neno, ila sasa najua uwaendee akina nani.

Ndipo akaandika ya kwake. Ripoti moja tu maishani, iliyopigwa chapa, jalada la kijani, kuhusu vijiji vinavyopokea wakimbizi. Kuna bei ya ndizi humo, ujira wa kibarua, madarasa, visima, nani ameongeza shamba na nani amepoteza. Kila kitu alikipima kwa kamba na miguu yake, na nimeisoma baada ya Jumanne ile, ni kazi ya kweli. Yapo maneno mazuri ndani yake kuhusu wakimbizi waliolimia watu mashamba yaliyokuwa mapori. Hayo hakuna aliyeyataja. Kutwa moja ya mwanamke ndiyo iliyotajwa. Ni mstari mfupi, unakaa kichwani. Ukakimbia kutoka karatasi hii kwenda ile, wengine wakiwa hawajaishika hata hiyo ripoti, wameuchukua tu kwa aliyeuchukua.

Na yeye akahesabu. Alikuwa na rafiki mmoja kwenye maktaba huko Dar na mwingine Mwanza, waliomtolea nakala kila walipoona jina lake, wakazifunga na kumpa konda wa basi. Mtafiti alikuwa akipanda pikapu mpaka Nyakanazi, pale njia panda, anakaa kwa mama ntilie tangu asubuhi anasubiri mabasi. Makonda wote walimjua. "Mzee wa karatasi, leo hakuna." Alirudi mikono mitupu mara nyingi kuliko mara alizorudi na bahasha.

Kila kutajwa kulikuwa na kadi yake, iliyokatwa kwenye maboksi ya mafuta ya kambini, upande mmoja bado umeandikwa si ya kuuzwa. Na kila kadi ilikuwa na maharage yake kwenye chupa kubwa ya kioo, ile ya kuwekea maandazi dukani. Kutajwa chini ya ukurasa ni harage moja. Kutajwa juu, ndani ya maelezo yenyewe, ni mawili. Na akitokea mtu wa kumpinga, matano. Nilimuuliza kwa nini anayempinga apate mengi hivyo. Akasema anayekusifu anaweza kuwa amesoma mstari mmoja, lakini anayekupinga amekusoma mpaka mwisho. Hakuna aliyewahi kumpinga. Miaka yote hiyo, matano hayakuwahi kudondoka.

Mwaka wa njaa dada yake aliyapika. Mtafiti alirudi kutoka Nyakanazi akakuta chupa tupu na sahani imejaa. Nilikuwepo. Aliinua kijiko, akakitazama, akauliza maharage haya yametoka wapi. Bibi akamwambia yametoka pale yalipokuwa yanakaa bure na watu wana njaa. Mtafiti alikula. Alitafuna polepole akasema ni magumu, yangelowekwa tangu jana. Mavuno yalipoingia akaketi na kadi zake akajaza chupa upya, moja moja, na mimi nikimsomea kadi. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kazi ya kumsomea, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumziba jicho la kushoto na la kulia lilikuwa linafuata.

Lazima niseme na mema yake, ingawa sitaki. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani nikiulizwa najibu sauti inaishia kifuani, walimu wamechoka na mimi. Kwake sikuwa bubu. Alinikalisha, alinipa kamusi yake, alinisubiri. Nikikosea neno hakucheka. Daftari hili ninaloandikia alinipa yeye, akaniambia aibu ya mdomo isifike mkononi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniona ninaweza kitu. Ndiyo maana hasira yenyewe haina pa kukaa.

Sasa niseme siku ile.

Baba alikuwa amezikwa jana yake. Huku kwetu nyumba ikiwa na matanga, watu wa kilima kile hawapigi jembe wala panga kwenye ardhi ya kilima hicho mpaka matanga yaanuliwe. Msitu wa karibu upo, uko ng'ambo ya shamba letu, ukiwa jikoni unauona. Lakini hukati. Kuni za kuwapikia waombolezaji zinafuatwa kilima kingine, kuvuka mto. Shangazi zangu waliondoka alfajiri. Nikawafuata kwa sababu sikuweza kukaa kwenye nyumba ambamo mama alikuwa analia bila sauti. Na Spesioza alikuwa nasi.

Spesioza ni mama wa kambini, Mrundi. Alikuwa akija kwetu kulima na mama, wanakwenda mistari miwili sambamba wanasimuliana, Kirundi chake na Kihangaza cha mama, wanaelewana kama dada. Jioni anaondoka na ndizi na kuni zake. Siku ya msiba hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe, akabeba mzigo mkubwa kuliko wote, wa msiba wetu.

Tulirudi jua limekwisha geuka. Mtafiti alikuwa ameketi kando ya barabara, baiskeli yake imelala, gurudumu limepasuka. Alikuwa anakaa upande wa pili wa kata, msiba wetu hakuwa na habari nao. Akina mama walimpita na shikamoo. Mimi nilikuwa wa mwisho, na mzigo wangu mdogo. Akanisimamisha. Nilikuwa darasa la pili.

"Mmetoka saa ngapi, binti?"

"Alfajiri."

"Na ndiyo mnarudi?"

"Ndiyo."

"Kuni za karibu zimekwisha, siyo?"

Nilijua jibu. Nilitaka kusema hapana, kwetu kuna matanga. Lakini kusema hivyo ni kusema baba amekufa, na nilikuwa sijalisema bado kwa mdomo wangu. Na mtu mzima akikuuliza hivyo, amekwisha kujijibu, unamwitikia tu. Ndivyo tulivyolelewa. Nikasema ndiyo. Akaandika. Akatia mkono mfuko wa chini kushoto, akanipa kiganja cha mahindi ya kukaanga, nikayala njiani.

Basi. Hiyo ndiyo kutwa moja ya mwanamke. Kutwa ile ilikuwa ya baba yangu. Mtu aliyekataa debe la mahindi kwa sababu wameambiwa tu hawakuona, alishindwa kuinua macho autazame msitu uliokuwa nyuma ya mgongo wangu. Angeuliza swali moja zaidi. Angenifuata hatua mia mbili tu, angesikia vilio.

Sisemi miti haikukatwa. Ilikatwa. Kuna vilima vilivyonyolewa na kila mtu anavijua. Lakini haikuwa kutwa, na haikuwa Spesioza.

Jumanne ile sikusema. Nilimaliza kusoma, nikakunja karatasi, nikaaga. Nikakaa wiki mbili nikiwa na maneno yote kichwani, nayapanga vizuri, na kila nikifika mlangoni kwake yanakauka. Namchukia kwa hilo pia, ingawa hilo si kosa lake.

Kisha ukaitishwa mkutano. Wakubwa walikuja kusikiliza wananchi kuhusu wanawake wa kambini kutoka nje kutafuta kuni na vibarua. Mtafiti alialikwa azungumze. Maisha yake yote alikuwa akisubiri kuitwa kwa barua yenye mhuri. Alilipiga koti pasi. Alisimama pale uwanjani, dada yake amemshika kiwiko, akausema mstari wake kwa kichwa, taratibu, na watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa karibu nami. Hakupiga. Mtafiti alipomaliza kueleza habari ya mtoto wa njiani, mama alinigeukia akaniuliza kwa Kihangaza ni mtoto wa nani huyo aliyemwambia hivyo. Nikasema sijui.

Marufuku ikatoka. Kabla mwezi haujaisha Spesioza alikamatwa na mzigo wake akitokea kwetu. Walimnyang'anya panga na kanga ya kufungia, akalala mahabusu siku mbili, akarudishwa kambini. Hajaja tena. Mama analima mstari mmoja. Mara nyingine namwona ameegemea jembe anatazama upande ambao mwenzake alikuwa akisimama.

Nilirudi kwa Mtafiti jana. Sikuwa nimekwenda tangu mkutano, na sikuwa na nia ya kwenda, ila dada yake alinitumia mtu aseme kwamba kuna barua na hakuna macho ndani ya nyumba.

Nilimkuta amekonda. Koti limekuwa kubwa. Alikuwa amekaa pale pale, chupa mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema alidhani nimeolewa. Hakuna aliyecheka. Nikafungua barua.

Ilikuwa ya Kiswahili, ya mwanamke wa chuo kikuu Dar. Aliandika kwa heshima nyingi. Alisema ameona mstari wa kuni ukitajwa mahali pengi, naye ameombwa aandike kuhusu ile marufuku, kama ibaki au iondolewe, na hataki kuutaja kabla ya kujua ulipatikanaje. Akauliza mambo manne. Ni siku gani mzee alipima? Aliwauliza watu wangapi? Kwa nini walipita njia ile? Je, ilikuwa siku ya kawaida?

Mtafiti akaniambia nichukue karatasi.

"Andika. Ndugu, nashukuru kwa barua yako. Nilipima mwenyewe, siku za kawaida."

Kalamu ikasimama.

"Umeandika?"

"Zilikuwa siku za matanga ya baba," nilisema.

Sijui ilitokaje. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini chumba chenyewe ni kidogo. Nikamwambia yote: kilima kilichofungwa, mto, Spesioza na mzigo wa msiba wetu, mahindi ya kukaanga. Nilimwambia mtoto yule ni mimi. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Alikuwa anapapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba, kwenda na kurudi.

"Habari ya matanga najua," alisema. "Dada aliniambia mwaka uliofuata. Kwamba mtoto ni wewe, hilo sikujua."

"Ulijua?"

"Ripoti ilikuwa imekwisha kwenda. Ilikuwa imetajwa mara mbili."

"Mara mbili tu, Mzee."

"Ndizo nilizokuwa nazo."

Nikakumbuka kidole chake juu ya maneno "mwenyeji mmoja". Nikamwambia wale wa magari walimla yeye, na yeye akatula sisi, tena sisi tulikuwa kwenye matanga. Nikamwambia Spesioza alilala mahabusu. Sijawahi kusema na mtu mzima hivyo. Dada yake alikuja mlangoni na kitambaa mkononi, akasimama, hakunikemea.

"Nikiufuta mstari ule," alisema Mtafiti, "kwenye chupa yanabaki maharage mangapi? Wewe ndiye uliyenisomea kadi. Niambie."

Nilijua. Yangebaki ya kutosha kiganja.

"Andika nilivyosema," alisema.

Nikaandika. Neno kwa neno, kama alivyonifundisha, mtu akisema unaandika alichosema, si ulichotaka aseme. Nilimpelekea kidole chake mahali pa sahihi, akaweka sahihi yake, kubwa, imepinda. Halafu nikaivuta karatasi nikaendelea kuandika chini ya sahihi.

Wasioona wanasikia. Alisikia kalamu.

"Unaongeza nini?"

"Naongeza."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina langu."

Kalamu iliendelea. Niliandika saa, nikaandika njia, nikaandika nani walikuwepo. Niliandika kwamba mzee hakuuliza kwa nini, na mimi sikusema. Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akinisubiri nilipokwama kwenye neno gumu. Kisha akauliza, na safari hii swali lake halikuwa la kunitega:

"Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona."

Akatikisa kichwa kukubali. Mkono wake ukatafuta bakuli la maharage, ukalipata. Moja. Mbili. Tatu. Nilidhani ataishia hapo. Nne. Tano. Yaligonga kioo kila moja kwa sauti yake.

Hata hili alilihesabu. Hata mimi nimekuwa harage. Nilitaka kuichukua ile chupa niivunje ukutani, na wakati huo huo nilijua kwamba ameniambia, kwa namna pekee anayoijua, kwamba ninasema kweli na kwamba hatanizuia. Nilichukua barua nikatoka bila kuaga. Dada yake alinifuata mpaka kwenye migomba, akanishika bega, akasema nisikawie kuipeleka, asije akalala akabadili mawazo.

Asubuhi hii nilimwambia mama. Alikuwa anachochea uji. Nilisema yule mtoto wa mkutanoni ni mimi, nilimwitikia Mtafiti njiani siku ya kuni za baba. Nilingoja kofi. Alizungusha mwiko, akautoa, akaugonga ukingoni.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Yeye alikuwa mtu mzima, na kalamu anayo."

Halafu akachukua panga, nami nikachukua kamba, tukaenda msitu wa karibu. Niliandika saa ya kutoka: saa kumi na mbili na robo. Tulitafuta, hatukupata hapo hapo kama zamani, ilibidi tushuke mpaka bondeni. Tulirudi na mizigo miwili saa tatu kasoro dakika tano. Si karibu. Lakini si kutwa. Niliyaandika hayo pia mwisho wa barua, yote mawili, na dakika zake, kisha nikaifunga bahasha kwa uji uliobaki kwenye sufuria.

Pikapu ya Nyakanazi ilikuwa inapakia ndizi. Konda alikuwa yule yule wa siku zote. Aliipokea bahasha akaigeuza.

"Ya mzee wa karatasi?"

Nikasema hapana.

"Mtumaji nani, sasa?"

Nikasema. Hakusikia, kwa sababu injini ilikuwa inawaka na mimi ndivyo ninavyosema. Akainama akaweka mkono sikioni. Nikasema tena, jina langu na la baba, kwa sauti iliyowafanya wauza ndizi wageuke.

Akaandika.